Yule dada wa kwenye gari anasemaje? Maotaku (wapenzi wa anime) na wenye magari ya Kijapani njooni muungame hapa

Otaku wa Uyole (mleta mada)
Wakuu kwema? Naandika bado nina aibu ya jana so msianze kucheka kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa anime, zile katuni za Kijapani, toka form two, Kijapani changu chote nimekiokota humo humo, darasani sijakaa hata siku moja, mtaani wananiita sensei (mwalimu) na mimi naitika. Jana ofisini kaja mgeni Mjapani, mzee wa makamo, mpole, akipewa hata kiti anainama kwanza. Bosi akasema si tuna mtu wetu anajua Kijapani, mwiteni. Nikaja kifua mbele nikamwambia "omae, nani ga hoshii?" najua nimemuuliza mzee wangu unahitaji nini. Mzee kanyamaza sekunde kama tano hivi, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Nipatie maji tu mwanangu." Kumbe kaishi Dodoma miaka! Usiku naingia gugo naambiwa ile omae kwa mtu mzima usiyemjua ni sawa na kumwambia "we jamaa vipi". Mtu wa umri wa babu yangu. Shikamoo sikutoa na nikamwita jamaa.

Sasa naomba mnisaidie mawili. La kwanza, hivi kwanini maneno yao yanafanana na yetu halafu maana zimekaa kushoto? Nani kwao ni "nini". Mimi ni sikio. Maji ni "acha utani, kweli?". Kisu ni busu. La pili, gari la shemeji yangu kila ukiwasha kuna dada anaongea Kijapani na mimi miaka miwili nimewaambia ukoo mzima anasema "karibuni, safari njema". Baada ya jana sina imani na chochote ninachojua. Anasemaje yule?

sarawili
Nimekaa siti ya mbele, kashata mkononi. Endeleeni.

Fundi Nati
Hilo la gari nalijua maana kila wiki naulizwa. Sauti inatoka kwenye kiboksi kidogo, kinakaa chini ya dashibodi au ndani ya droo ya abiria, kinaitwa ETC. Huko Japani barabara za kasi zinalipiwa, unachomeka kadi kwenye hicho kiboksi, ukifika getini linafunguka lenyewe wala husimami kutoa hela. Ukiwasha gari bila kadi dada anakuambia "kaado ga sounyuu sarete imasen", yaani kadi haijachomekwa. Basi. Miaka yote mnakumbushwa kadi ya tozo nyie mnaitika asante dada.

sarawili
😂😂😂 "safari njema"

bintipemba
Hapana Fundi, labda gari na gari. Yangu haisemi kadi, yangu inataja tarehe. Nimekaa na karatasi nikaandika wiki nzima, kila siku kuna neno linabadilika mwishoni, getsuyoubi, kayoubi, suiyoubi. Ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ungamo langu ni hili: mwanzoni kabla sijajua nilikuwa nagombana na mume wangu kwanini unamjibu huyo mwanamke kila asubuhi. Maana alikuwa anamjibu kabisa! "Na wewe pia mama."

Fundi Nati
@bintipemba hiyo ni navigesheni sasa, siyo ETC. Zipo zinazotaja tarehe ukiwasha. Gari lenye vyote viwili ndio utasikia wadada wawili wanapokezana. Na hiyo hiyo navigesheni ndio ramani yake haijui kama mmehama, mteja wangu mmoja akiwa Ubungo inamwonyesha yupo baharini. Na redio mnazolalamika hazishiki stesheni, FM ya magari mengi ya zamani ya Japani inaanzia 76 inaishia 90, ndio maana lazima ufunge ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa ya huku yaingie humo. Sio mbovu, imezaliwa hivyo.

Jogoo wa Likoni
Hayo ya gari tumewaachia mafundi, mie nataka kujibu swala la kwanza, la maneno. Jibu ni Mreno. Mreno kafika Malindi 1498, kafika Japani kisiwa cha Tanegashima 1543. Yule padri Francis Xavier alipita Malindi hapa kwetu 1542 akielekea Goa, na 1549 yuko Kagoshima anahubiri. Meli zile zile, watu wale wale, maneno wamemwaga njia nzima. Sisi tuna karata, wao wana karuta, na karuta kwao ni karata vilevile! Zote ni carta ya Mreno. Sisi tumbaku wao tabako. Na hata hio arigatou yao ni obrigado ya Mreno iliyochakaa. Mwenye pingamizi alete hoja.

kobe_mwendo
@Jogoo wa Likoni pingamizi ninalo. Karata na karuta nakupa, hiyo ni kweli tupu. Arigatou hapana aisee. Arigatou inatokana na arigatashi, kitu kigumu kuwepo, kitu adimu, na neno hilo lipo kwenye maandishi yao ya kale karne nyingi kabla Mreno hajajua Japani iko wapi. Hilo la obrigado ni hadithi ya kijiweni inazunguka dunia nzima. Halafu nani, mimi, maji, kisu, Mreno anahusikaje hapo?

Jogoo wa Likoni
Sawa, arigatou nairudisha dukani. Karata nabaki nayo.

Mwalimu wa Zamu
Wote mnazunguka. Jibu ni silabi. Kiswahili irabu tano a e i o u, Kijapani irabu tano hizo hizo. Sisi silabi inaishia na irabu, wao hivyo hivyo, isipokuwa ile n yao ya mwisho. Ukichukua konsonanti chache na irabu tano ukaanza kutengeneza maneno ya silabi mbili, lazima mgongane, hata muwe hamjawahi kuonana. Ni kama namba za simu zingekuwa na tarakimu nne tu. Ndio maana hata Kiingereza tunakitafuna sawa: basi, basu. Hoteli, hoteru. Redio, rajio. Tofauti sisi tunapenda kuziba na i, wao wanaziba na u.

Na nyongeza: kuni kwao ni nchi, saba ni samaki aina ya vibua, uma ni farasi, sumu ni kuishi mahali, kuku ni jedwali la kuzidisha. Mtoto wa Kijapani akirudi shule analia kuku zimemshinda usimwonee huruma ukampelekea wali.

Otaku wa Uyole
Sumu ni kuishi 😂 kwa hiyo mtu akisema anaishi Tokyo anasema Tokyo sumu

Mwalimu wa Zamu
"Tokyo ni sunde imasu" mkuu. Ikinyambuliwa inabadilika. Usirudi ofisini na hiyo.

mjukuu wa Ng'wanamalundi
Mimi nina nadharia yangu, Wajapani na sisi ni ndugu wa kale, bahari ilitutenganisha. Angalieni heshima, binti wa Kisukuma anapiga goti wao wanainama, angalieni L na R, wao hawatofautishi na sisi huku Kanda ya Ziwa kuna watu nawajua...

sarawili
Chai hiyo, ongeza tangawizi

Jogoo wa Likoni
L na R! Basi Wakikuyu na Wakurya nao ni samurai.

mjukuu wa Ng'wanamalundi
Chekeni. Yasuke je? Mwafrika mwenzenu alikuwa na upanga kwa Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, mwaka 1581.

kobe_mwendo
Yasuke yupo kwenye historia kweli, alifika 1579 na padri Mjesuti Valignano na wengi wanasema asili yake Msumbiji. Lakini mtu mmoja kukaa huko muda mfupi hawezi kuwafundisha Wajapani wote kuita sikio mimi. Na nikiwa hapo hapo, jina langu mnaloliona, nimelichagua kwa sababu. Nimekaa Japani miaka mitatu kiwandani. Wiki ya kwanza mama yangu anapiga simu anauliza wanakulisha nini huko, nikamwambia kwa sifa kabisa, "Mama, jana tumepelekwa kula nyama ya Kobe." Kimya. Nikasikia anamwambia dada yangu pembeni, "Wanamlisha kobe." Ikaanza michango ya kunirudisha. Kobe ni mji jamani! Ng'ombe wanaofugwa mkoa ule ndio nyama yao ina jina kubwa na bei yake huwezi kusimulia. Mpaka leo mama haamini.

bintipemba
Maskini mama wa watu 😂 Basi afadhali hukumwambia takoyaki.

kobe_mwendo
@bintipemba ilibidi nifiche. Kwa wasiojua, tako kwao ni pweza. Takoyaki ni vidonge vya unga vya mviringo kama kalimati, ndani kipande cha pweza, juu sosi nyeusi na mayonezi, ni chakula cha Osaka haswa. Vinaokwa kwenye chuma chenye vishimo, ukipita unavigeuza na sindano, kwa mbali utasema mama anapika vitumbua. Vitamu sana. Ila umsimulie Mtanzania "nimekula tako la kuchoma sita kwa yen mia tano" uone atakavyokuangalia.

sarawili
Mkuu hata ukisema supu ya tako hapa Feri watu wataondoka

daktari hewa
Mimi ungamo langu ni la hospitali. Nilikuwa kule kwa kozi ya miezi sita. Siku moja homa imenishika, najua kabisa hospitali ni byouin, nikamsimamisha dada mmoja njiani nikamwambia biyouin, biyouin wa doko. Dada akaniangalia kichwani (nilikuwa na nywele kweli, zimesimama) akanisindikiza hadi mlangoni kwa upole wote. Naingia nakaribishwa, nakalishwa kiti cha kulalia, najisemea wenzetu wameendelea, kumpima mtu wanamlaza kabisa. Nashtukia maji ya uvuguvugu kichwani. Biyouin ni saluni. Tofauti ni ka-i kamoja tu hapo katikati. Na homa yangu yote nimeoshwa nywele nimekandwa na mabega, nikalipa nikatoka, nisidanganye, nilijisikia nafuu.

Otaku wa Uyole
Nimekufa. Kumbe siko peke yangu.

msafiri wa treni
Na mimi niseme langu liishe. Kwenye treni, bibi kizee kaingia, nikasimama haraka nimpishe, adabu za nyumbani. Nikanyoosha mkono kwenye kiti nikasema "sawatte kudasai". Bibi akanitazama. Nikarudia kwa sauti zaidi, nadhani hasikii. Behewa zima likageuka. Kaa ni suwatte. Sawatte ni gusa. Nilikuwa nasimama mbele ya bibi wa watu nimenyoosha mkono namwomba niguse tafadhali, niguse. Bibi mwenyewe mtu poa, kaninyooshea kidole kimoja akanigusa mkono hivi, halafu ndio akakaa.

Mwalimu wa Zamu
Hapo ndio mnaona. Watu wanadhani Kijapani kigumu kwa sababu ya maandishi, kumbe irabu. Obasan shangazi, obaasan bibi. Biru jengo, biiru bia. Sisi tunajua hiyo kitu vizuri, kufa na kufaa, mwambie mgeni "umekufaa" akuambie "nimekufa". Ila tukienda kwao masikio tunayaacha bandarini.

mimi na masikio
Mkuu "mimi tunayaacha bandarini" 😂

Dubu Mpole
Hamjambo nyote. Naomba radhi kwa kuingilia mazungumzo yenu. Mimi ni Mjapani, nilisoma Kiswahili chuoni Osaka na sasa ninaishi Arusha. Nimesoma uzi huu wote na nimecheka mpaka nikatoa machozi. Nami nina ungamo.

Siku yangu ya kwanza kufundisha hisabati, niliingia darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameketi nyuma ili kunitambulisha. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikasema jina langu, kisha nikasema, mimi ni mwenyeji wa Kumamoto. Darasa likanyamaza. Nilidhani hawakusikia, kwa hiyo nilichukua chaki nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Bado walikuwa kimya, wengine wameinamisha vichwa kwenye madawati. Basi, kama tulivyofundishwa katika ualimu, nililigawa neno katika sehemu mbili ili walielewe vizuri, nikaeleza kila sehemu. Nikawaambia, sehemu ya kwanza ni mnyama, ni mkubwa, ana manyoya mengi. Mwalimu wa taaluma alitoka nje ameziba mdomo. Niliambiwa maana baada ya wiki mbili.

sarawili
MODS fungeni uzi, hakuna tena cha kuzidi hiki. "ana manyoya mengi" 😭😭😭

Jogoo wa Likoni
Na sehemu ya pili ni moto. Ya Rabbi stara.

bintipemba
Mimi hapo nilipo nimeficha simu chini ya mto, watoto wanauliza mama unalia nini

Otaku wa Uyole
@Dubu Mpole sensei karibu sana, na pole. Wakati wa lile tetemeko la 2016 kule kwenu nilikuwa nimekaa na mama mkwe taarifa ya habari inasomwa. Kila mtangazaji akilitaja lile jina mimi nainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na ndala.

Dubu Mpole
Asante. Tetemeko lilikuwa baya, hata ngome yetu ya zamani iliharibika sana. Kuhusu jina, zamani liliandikwa kwa herufi nyingine yenye maana ya pembe au kona. Bwana Kato Kiyomasa ndiye aliyebadilisha herufi mwaka 1607 akaweka ya dubu, kwa sababu ina nguvu. Jambo la kuchekesha ni kwamba dubu wenyewe katika kisiwa chetu cha Kyushu hawapo tena, serikali ilitangaza mwaka 2012 kwamba wametoweka.

Nami pia nilikosea Kiswahili. Wenyeji wangu waliniuliza kama nimepata kifungua kinywa. Nilisema, ndiyo, nimekunya chai.

daktari hewa
Mwisho wa dunia huu

kobe_mwendo
Hiyo "nya" na "nywa" wameiacha hivyo makusudi kuwatega wageni. Swali sensei, ni kweli shikamoo mnaipenda kuliko sisi? Kuna kijana Mjapani aliniamkia shikamoo mimi nikiwa na miaka ishirini na nne, nikaangalia nyuma nione mzee gani kapita.

Dubu Mpole
Kwetu ukikosea kumpa mtu heshima ndogo ni kosa kubwa, ukimpa heshima nyingi mno ni kosa dogo. Kwa hiyo mimi nilimwamkia shikamoo kila mtu, pamoja na mlinzi, pamoja na konda. Konda alinirudishia nauli.

Otaku wa Uyole
Sasa sensei niambie ukweli. Ile omae yangu kwa mzee. Ilikuwa mbaya kiasi gani?

Dubu Mpole
Kati ya marafiki wa kiume ni kawaida. Kwa mgeni mzee ofisini, nadhani alicheka kwa sababu alijua umejifunza wapi. Wageni wengi vijana huzungumza Kijapani kama wahuni wa kwenye katuni, au vijana wa kiume huzungumza kama wasichana kwa sababu walifundishwa na wachumba wao. Anza na masomo ya redio ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, yako kwa Kiswahili. Ni ya adabu.

Mzee Kifimbo
NHK ya Kiswahili mimi naisikiliza toka enzi za masafa mafupi, redio ya mbao, waya umefungwa kwenye mti wa mwembe. Hakuna aliyetaja Bongo. Mazda wana gari linaitwa Bongo toka miaka ya sitini. Mnajadili nani na mimi, gari limeandikwa jina la nchi yenu mgongoni hamulioni?

Fundi Nati
Lile Bongo ni yule swala mkubwa wa msituni, mzee wangu. Ila nakubali, mtu wa kwanza kuliona bandarini Dar alijua tumefanyiwa maalumu.

Jogoo wa Likoni
Turudi kwa mada. Mpaka sasa Mreno hajashindwa.

Mwalimu wa Zamu
Kashindwa. Karata moja haijengi nyumba.

Jogoo wa Likoni
Na silabi nazo hazielezi kwanini wao wana pikapika, dokidoki, wakuwaku na sisi tuna polepole, harakaharaka, wasiwasi. Kurudiarudia huko pia ni bahati nasibu?

Mwalimu wa Zamu
Lugha chungu nzima duniani zinarudiarudia. Na pikapika yao ni kumetameta, sio jikoni. Umejifunga mwenyewe.

mjukuu wa Ng'wanamalundi
Ndugu wa kale nimewaambia. Hamsikii.

Otaku wa Uyole
Wakuu narudi na mrejesho na nina dharura. Jana nimemweleza shemeji kwamba dada wa kwenye gari anadai kadi. Shemeji ni mtu wa vitendo, hakuuliza kadi gani, kachukua kadi yake ya benki kaichomeka. Imeingia hadi mwisho, haitoki. Na dada sasa kabadilisha maneno kabisa, anaongea sentensi ndefu kuliko ile ya mwanzo na analia ti-ti-ti katikati. Neno moja tu nimelidaka, kakunin. @Dubu Mpole @Fundi Nati anasemaje?

Dubu Mpole
Kakunin ni kuhakikisha. Anaomba muihakikishe kadi.

Fundi Nati
Usivute na koleo. Usivute na kisu pia, cha kwetu wala cha kwao. Hiyo ni ya tatu mwaka huu. Kesho saa mbili leta gari gereji, mwambie shemeji aje na kitambulisho, na asiwashe wasije wakaongea mengine.